Majaji Ukutani kwa Asmani

Mume wangu Asmani alikuwa na majaji kumi na mmoja wa mahakama kuu ukutani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza jina. Wa kwanza alimpata mwaka wa uhuru, Mbelgiji aliyekuwa anarudi kwao. Alitia sahihi kwenye picha mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya gari. Baadaye wakaja majaji wetu wenyewe. Kila waliposhuka mjini kwetu Rumonge kusikiliza kesi, Asmani aliwavizia mlangoni pa mahakama na picha alizonunua kwa mpiga picha wa Bujumbura, kalamu mkono huu, kidumu cha mawese mkono ule. Jaji aliandika "À mon cher ami", yaani kwa rafiki yangu mpendwa, akatia sahihi, akaondoka. Basi wiki nzima mume wangu alitembea sokoni kifua mbele, utadhani yeye ndiye aliyehukumu.

Wakati wa swala alizifunika kwa kitenge changu, maana haifai kusujudu mbele ya sura za watu. Akimaliza, alizifunua na kuzipangusa vumbi. Mimi hakuwahi kunipangusa hata machozi.

Mwaka wa 1972, mwezi wa tano, askari walimchukua mdogo wangu Ramazani, mwalimu wa shule. Walisema alionekana na waasi. Uongo mtupu! Siku waasi walipoingia mjini, Ramazani alikuwa kwangu, amelala na malaria, na jirani yetu Pascasie, muuza dagaa wa sokoni, ndiye aliyemletea dawa.

"Baba Mwamini," nikamwambia Asmani, "twende na Pascasie akatoe ushahidi."

Akacheka. "Mama Mwamini, unaniletea muuza ndagala, na mimi niko na jaji?"

Akatungua picha kubwa kuliko zote, ya jaji mwenye joho jekundu. Nami, mjinga mkubwa, nikamfuata mpaka kambi ya askari alikofungwa Ramazani.

Afisa aliitazama ile picha kwa muda mrefu. "Huyu iko rafiki yako?"

"Rafiki yangu kabisa, shefu!"

"Tulimukamata juzi kule Bujumbura. Sasa tunatafuta marafiki zake."

Mume wangu akarudi nyuma hatua moja. "Si yangu, shefu. Mimi nimeileta tu. Ni ya shemeji yangu, Ramazani, yule muliyemufunga. Muulize huyu mama."

Afisa akasoma yale maandishi. Hayakuwa na jina la huyo rafiki. Akanigeukia. "Ni kweli, mama?"

Nilikuwa na watoto wanne nyumbani. Miaka kumi nilimdharau Asmani kwa kujikomba kwa wakubwa, na swali moja tu likanishusha mpaka pale alipo yeye. Nikaitikia kwa kichwa.

Ramazani akaitwa. Alitoka akichechemea, akatuona tumesimama pale, picha ya jaji iko mezani, uso wake ukachangamka.

"Murakoze, asante dada," akaniambia, akaanza kufunga vifungo vya shati lake. Alidhani tumekuja kumchukua.