Mikono ya Mpaka Vanishi

Alikuwa amefika katikati ya mlango wa kabati, akivuta kitambaa chenye vanishi kufuata mistari ya mbao, aliposikia sauti ya binti yake nje ya karakana. Upesi akauficha mkono wa kushoto mfukoni. Wa kulia akaufunika kwa kitambaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Jua lote hili na mtoto?"

"Nimemleta amwone babu yake. Babu mwenyewe ana shughuli kuliko waziri."

Seremala, ambaye kila mtu kwake ni mkwe, alicheka bila kuacha kupiga randa. "Mpakate, mkwe! Kabati halina miguu ya kukimbilia."

Baba akarudi nyuma. "Nina vanishi."

"Tangu nijifungue una vanishi," binti akasema. "Mama anasema siku hizi unakula peke yako. Kama tumekukosea, si useme?"

Akakishika kile kitambaa, akakivuta. Vidole vilikuwa vyekundu, vimevimba, ngozi imepasuka kwenye viungo na kutoa majimaji.

Baba akatazama sakafu. "Niliogopa kumwambukiza."

"Zahanati ulikwenda? Walisemaje?"

"Walinipa dawa ya kuungua. Niliwaambia nilimwagikiwa na chai."

"Baba!"

"Ningesemaje? Uzee huu, leo vanishi ndiyo inishinde? Wangeniambia niache kazi."

"Na jioni ananawa kwa thina ya kuchanganyia vanishi," seremala akasema. "Anajisugua, utadhani anakwenda kuposa."

"Nataka nifike nyumbani safi," alijibu kwa sauti ndogo. Seremala aliyekuwa ameanza kucheka akainamia randa yake.

Binti akamkalisha babake kwenye kigoda, akamtandikia shali mapajani na kumlaza mtoto juu yake. "Sijui kama inaambukiza. Tutauliza. Kwa leo usimguse, mtazame tu."

Baba akakaa hivyo, mikono ameinyanyua kama mtu aliyekamatwa. Mtoto alimkodolea macho, kisha akapiga chafya. Yeye hakuweza hata kumfuta pua.

"Kesho asubuhi tunakwenda wote," binti akasema. "Utamwambia daktari kazi yako. Na thina utaitaja."

Aliitikia kwa kichwa, bila kumtazama.

Walipoinuka, seremala alikuwa ameshaokota kitambaa, anaukaribia mlango uliong'aa nusu.

"Acha, mkwe," baba akamrudishia neno lake. "Mkono wako mzito, utaacha alama. Nitamalizia kesho nikitoka zahanati." Akasita. "Wakiniruhusu."