Dirisha la Ghorofa ya Nne, Kuanzia Saa Kumi

Shahenda alizindua tovuti yake siku ya Jumanne, wiki tatu kabla ya Ramadhani, kwenye meza ya kulia ya mama yake huko Shubra, Kairo. Upande mmoja wa meza kulikuwa na kompyuta, upande wa pili sufuria ya wali na rundo la majani ya mzabibu yaliyosubiri kujazwa. Alibonyeza kitufe, akangoja, na hakuna kilicholia wala kuwaka. Mama yake aliendelea kukunja majani.

Tovuti iliitwa Kefak, yaani upendavyo. Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza: unajibu maswali saba, nayo inakwambia jioni hiyo utazame nini, ili usikae na rimoti nusu saa ukigombana na mumeo. Katika Kairo si jambo dogo. Kabla ya Ramadhani matangazo ya tamthilia hufunika madaraja yote, zinakuja thelathini kwa mpigo, na mtu ana macho mawili tu. Shahenda aliifanyia kazi miaka miwili. Kwa ajili yake aliacha kazi ya benki, jambo ambalo mama yake, Sitt Kawkab, yaani Bi Kawkab, alilikumbusha kila alipokata vitunguu.

"Haya, nijaribu mimi kwanza," Sitt Kawkab akasema. "Usije ukasema mama yako hakukuunga mkono."

"Nawa mikono, mama."

"Mikono ina wali, haina tauni."

Alijibu maswali yote saba kwa kifundo cha kidole. Swali la tatu liliuliza ni nani anayemkosa wakati wa jioni. Kisha kioo cha kompyuta kikaandika: *Dirisha la ghorofa ya nne, jengo namba 11, ng'ambo ya barabara. Kuanzia saa kumi na nusu. Litakupendeza kwa asilimia tisini na saba.*

Sitt Kawkab alijifuta mikono, akaburuta kiti hadi barazani, hapo hapo ghorofa ya nne, na kuketi. Ng'ambo, kwenye dirisha la ghorofa ya nne, jirani yao Sitt Inshirah alikuwa akimenya njegere. Mbele yake, ndani ya pajama ya mistari, aliketi kaka yake, Ustadh Wagdi, mwalimu wa jiografia, aliyefariki msimu wa baridi uliopita na kuzikwa na mtaa mzima. Naye alikuwa akimenya njegere, ila taratibu, na nyingine akizila mbichi.

"Amenawiri," Sitt Kawkab akasema. "Kifo kimemkubali."

Hadi wiki inaisha, kila aliyefungua Kefak katika mitaa minne ya hapo alielekezwa dirisha lilelile, lakini kila mtu kwa saa yake. Muallim Bayoumi, mwenye mkahawa wa pembeni (Shubra kila bosi wa biashara huitwa muallim), aliambiwa saa kumi na moja na robo, wakati ndugu wale wawili wanapotoa ubao wa tawla, mchezo wao wa kete na dadu. Daktari wa meno aliambiwa saa kumi na dakika hamsini, Ustadh Wagdi anapocheka. Mjane wa fundi cherehani aliambiwa aje mwishoni kabisa, Sitt Inshirah anapomrekebisha kaka yake kola kabla hajaondoka. Muallim Bayoumi aliona watu wanasimama wima na shingo juu, akawahurumia, akapanga viti njiani vikielekea jengo namba 11. Chai ilinyweka.

Shahenda alitafuta hitilafu kwa siku tatu. Orodha yake ilikuwa na filamu elfu nne na tamthilia mia sita, na hapakuwa na dirisha hata moja. Watu wa mitaa ya mbali kama Zamalek waliletewa filamu kama kawaida. Watu wa Maadi waliletewa filamu za Kituruki na hawakulalamika. Mwekezaji mmoja alimpigia simu kuuliza tamthilia inayotazamwa sana Shubra ni ya kampuni gani.

"Ya majirani," Shahenda akasema, na yule bwana akasikika akiandika.

Ramadhani ilipoingia mambo hayakubadilika, ila kwamba Ustadh Wagdi aliacha kula njegere mbichi, kwa kuwa alikuwa amefunga. Kila siku alifika saa kumi na kuondoka adhana ya magharibi inapoanza, kabla ya kufungua. Sitt Inshirah alimtengea sahani hata hivyo, na jambo hilo la kuondoka na njaa lilimuuma kuliko mazishi yenyewe. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Wachumba walikuja enzi zao, wengine wa maana, akawarudisha mmoja mmoja kwa swali moja: nani atampikia Wagdi? Nyumba ile alizaliwa humo, alimuuguza baba humo, kisha mama, kisha kaka. Nilimjua, na sijapata kumwona mtu aliyepiga deki nyumba kwa mapenzi kama yale.

Siku ya kumi ya mfungo mjukuu wa mwenye jengo, kijana aitwaye Ihab, alipanda ngazi na barua. Alikuwa na adabu. Alivua viatu mlangoni. Barua ilisema kwamba mkataba wa upangaji ulikuwa wa baba yao, ukarithiwa na Wagdi, na ulikoma siku Wagdi alipokufa. Jina la Inshirah halikuwamo. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyefikiria kuliandika, hata Wagdi mwenyewe, ambaye alikuwa akiwaandikia barua watu wa mtaa mzima, wengine mpaka za posa.

Alasiri ile waliokaa kwenye viti waliwasikia wakizungumza, kwa sababu dirisha lilikuwa wazi.

"Mstari mmoja tu, Wagdi. Ungeandika mstari mmoja."

"Nilidhani tutakufa pamoja," Ustadh Wagdi akasema.

"Ulidhani! Maisha yako yote hukuwahi kukumbuka hata mkate, leo ukumbuke mkataba?"

Akakubali kwamba ni kweli. Njiani wanawake walilia, na mtu mmoja akaomba wenzake wanyamaze wasikie.

Asubuhi Shahenda alimchukua Sitt Inshirah hadi ofisi ya upangaji. Walipanda ngazi zake taratibu, kwa sababu ya magoti ya bibi. Karani aliitwa Lutfi, mtu mpole mwenye mihuri mitano, na alisikiliza mpaka mwisho.

"Ikiwa mpangaji anaendelea kuitumia nyumba, mkataba haujakoma," akasema. "Hilo liko wazi, bibi yangu. Aje mwenyewe atie sahihi, na kitambulisho."

"Anakuja saa kumi," Shahenda akasema.

"Sisi tunafunga saa nane."

"Basi njooni nyinyi kwake. Ni vituo viwili tu."

"Mwanangu, mimi ni karani, si daktari wa kuita nyumbani."

Siku hiyohiyo, saa kumi kamili, Lutfi alikuwa kwenye kiti cha mstari wa mbele mbele ya mkahawa. Kefak ilikuwa imempendekezea. Ustadh Wagdi alikuwa amemfundisha darasa la sita, akamtambua kutoka juu, akampungia mkono, na Lutfi akasimama kwa heshima kama mwanafunzi. Shahenda alishuka mbio akiwa na karatasi na kalamu.

"Umemwona, bwana Lutfi? Ndiye huyo?"

"Ndiye. Hajabadilika hata nywele."

"Basi andika kwamba umemwona."

Lutfi aliitazama kalamu kwa masikitiko. "Saa hizi siko kazini," akasema. "Nikiandika sasa inakuwa si maandishi, inakuwa soga." Na kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, aliongeza kwamba moyo wake ulikuwa pamoja nao, na ulikuwa kweli, maana alikuja kila siku mpaka Idi na hakuondoka kabla ya adhana.

Shahenda aliweka kwenye tovuti, chini ya pendekezo la dirisha, kitufe kingine cha mtu kuandika jina lake na kutoa ushahidi mahakamani, maana Ihab alikuwa ameshapeleka shauri huko. Watu elfu mbili na mia tatu walitazama dirisha wiki ile. Kitufe kilibonyezwa mara nne, na moja ya hizo ilikuwa kifundo cha kidole cha mama yake. Wengine aliowauliza walimjibu kwa upendo kabisa. Muallim Bayoumi alisema mahakama ina wenyewe. Daktari wa meno alisema hataki kujiharibia utamu kwa kujua mwisho mapema.

Siku ya tatu baada ya Idi, Kefak ilibadilisha saa kwa mara ya kwanza. Wote waliandikiwa: *Leo, kuanzia saa tatu asubuhi.* Walikuja wote. Waliotoka kazini waliomba ruhusa kwa kisingizio cha msiba.

Dalali wa mahakama alifika na amri ya kumtoa Sitt Inshirah, na wapagazi wawili aliowaokota kituoni. Hapo ndipo mtaa uliposimama. Muallim Bayoumi aliweka chini glasi yake, akamzuia mlangoni, mkono kifuani kwake.

"Samahani, bwana mkubwa. Mikono ya watu baki haitagusa kitanda cha Sitt Inshirah na sisi tupo hai."

"Basi nani atashusha vitu?" dalali akauliza.

"Sisi," akasema Muallim Bayoumi. "Hapa Shubra kuna wanaume."

Wanaume kumi na wanane walipanda. Walivifunga vioo kwa mablanketi yao wenyewe. Kabati la nguo, ambalo tangu siku ya harusi ya wazazi halikuwahi kusogezwa, walilishusha ghorofa nne bila kukwangua ukuta, wakiitana "taratibu, ami" na "Mungu akupe nguvu" kila wanapokata kona. Daktari wa meno alibeba taa ya mezani mikononi kama mtoto mchanga. Lutfi alibeba ubao wa tawla. Haikuvunjika hata glasi. Dalali alikiri kwamba tangu aanze kazi hajapata kumaliza mapema hivyo, akawashukuru, akanywa chai iliyolipiwa na wengine, akatia sahihi. Ihab alikazia mnyororo mlangoni kisha akasalimia kila mtu kwa mkono.

Sitt Inshirah alishuka mwisho, amejifunga shali. Alikwenda kuishi kwa mpwa wake, mbali, Mji wa Sita Oktoba, katika chumba ambacho dirisha lake lilitazamana na ukuta. Sitt Kawkab alimkabidhi sufuria ya majani ya mzabibu na kulia wazi wazi bila aibu. Kila mtu alimbusu kichwani. Akawatazama kwa zamu, wale waliobeba kitanda, wale waliobeba kabati, akawaombea afya, na akaomba asaidiwe kupanda gari.

Saa kumi Ustadh Wagdi alikuja dirishani kama kawaida. Nyuma yake chumba kilikuwa kitupu, na kwa kuwa hapakuwa na kiti alisimama. Aligeuka kutazama ndani mara mbili. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu afariki: akainamia nje na kusema na barabara.

"Inshirah yuko wapi?"

"Amehama, Ustadh," Muallim Bayoumi akasema kutoka chini.

"Hawezi kuhama. Kahamishwa. Nani kamtoa?"

Viti vyote vilikuwa vimejaa, na watu wakazitazama glasi zao. Lutfi alijifunga kamba ya kiatu. Kulikuwa na wanaume kumi na wanane pale chini ambao migongo ilikuwa ikiwauma, na kila mmoja alijua kwamba alikuwa amefanya ubinadamu tu.

Shahenda alikuwa barazani kwa mama yake, ghorofa ya nne pia, ana kwa ana na dirisha. Asubuhi alikuwa amebeba mito miwili na saa ya ukutani.

"Sisi, ami Wagdi," akasema. "Tulimshusha sisi."

Ustadh Wagdi alimsikiliza kwa utulivu wa mwalimu. "Vitu vyake mlivishusha vizuri?"

"Vizuri sana, ami. Hakuna kilichovunjika."

"Alichukua shali?"

"Alichukua."

"Magoti je?"

"Yalimsumbua ngazini."

Akatikisa kichwa, akabaki amesimama katika chumba kitupu mpaka adhana, na hakuna mtu aliyeondoka kabla yake. Usiku ule Shahenda aliliondoa dirisha kwenye Kefak. Haikusaidia kitu, kwa maana watu walishajua njia na saa.

Kesho yake Ustadh Wagdi alikuja tena, akainama, akauliza ni nani aliyemtoa dada yake, kwa sauti ileile, kama ambaye hajawahi kujibiwa. Huenda waliokufa hawashiki jibu. Ihab amekwisha kubandika bango la kuuza chini ya dirisha, lina namba yake ya simu, na wanunuzi wanaokuja kukagua nyumba asubuhi huisifu kwa mwanga. Mpaka leo ikifika saa kumi Sitt Kawkab huita jikoni, "Shahenda, anauliza," naye huacha kazi yake, hutoka barazani na kumjibu.