Kamera Isiyomtazama Mkwe

Usiku wa jana niliota nimebeba roketi mgongoni kwa kitenge, niko kwenye foleni ya kliniki ya watoto, na hakuna mtu hata mmoja anayenishangaa.

Kabla sijaendelea nieleze kwanza mambo ya mchana, maana mimi ni mwalimu wa fizikia na sipendi mtu aachwe nyuma. Roketi ni yangu kweli. Nimeitengeneza kwa bomba la karatasi linalokaa katikati ya jora la kitambaa, mapezi yake ni ya kadibodi, na urefu wake ni kama mkono wangu. Inarushwa na injini ya baruti yenye ukubwa wa kidole gumba. Injini zilikuwa mbili. Ya kwanza niliitumia mwezi uliopita kwa ajili ya baba mkwe.

Baba mkwe, Mzee Asajile, alipanda kahawa kwa mikono yake miaka thelathini, mstari kwa mstari, nyuma ya kilima. Miaka minne sasa mguu haumfikishi huko, na macho yake yanafungwa na presha ya ndani ya jicho. Daktari amesema mvua hizi zikiisha atakuwa haoni. Anataka jambo moja tu: aione kahawa yake yote kwa mara moja, kutoka juu, ajue kama mistari ilinyooka.

Hakuniambia yeye mwenyewe. Kwetu Rungwe, zamani, mkamwana na baba mkwe hawakutazamana wala kukutana njiani. Wengi wameacha, sisi bado. Miaka kumi na moja tunaishi kiwanja kimoja, na sura yake naijua kwa picha ya harusi. Maneno yake hunifikia kupitia kwa mama mkwe.

Mara ile ya kwanza nilifunga kamera ndogo ubavuni mwa roketi, ikitazama chini. Halafu nikakumbuka kwamba mzee hukaa uani, na kamera ni kama jicho langu, kwa hiyo itamtazama. Nikaigeuza itazame pembeni, kwa adabu. Ilirudi na sekunde arobaini za mawingu. Mzee aliyaangalia kwenye simu mpaka mwisho, kisha akamwambia mama mkwe, "Mwambie mawingu yametoka vizuri." Niliona aibu mpaka chakula kikanishinda. Imebaki injini moja na tunarusha Jumamosi.

Sasa, kliniki.

Nesi anaita, "Mama Roketi! Mlete mtoto."

Naifungua roketi mgongoni. Nesi anaivalisha ile kaptula ya kupimia, anahangaika kidogo na mapezi, kisha anaitundika kwenye mzani. Mshale unatetemeka. Roketi inayumba, inazunguka polepole, inaishia kutanguliza mkia.

"Huyu mnamlisha nini?"

"Kamera. Gramu kumi na tisa."

"Mnamlishia wapi?"

"Ubavuni, karibu na mapezi."

Nesi anaguna. Anaweka nukta kwenye kadi, sehemu ya kijivu. "Ndiyo maana anatanguliza mkia. Uzito unatakiwa utangulie, hewa ifuate nyuma. Hukufundishwa?"

"Nafundisha mwenyewe. Kidato cha tatu."

"Maskini watoto wa watu," anasema nesi, na kina mama wote kwenye benchi wanatikisa kichwa.

Kamera ikazungumza kutoka ndani ya kaptula. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye mafua. "Kusogea mbele, puani mwa roketi, sina neno. Ila nataka kujua safari hii natazama wapi."

"Pembeni," nikasema.

"Pembeni kuna nini?"

"Kuna adabu."

"Adabu haitoki kwenye picha," ilisema kamera. "Nilijaribu mwezi uliopita."

Mimi si mtu wa kubishana na kifaa mbele ya watu.

Nesi akagonga muhuri kwenye kadi, UZITO UTANGULIE, akafungua daftari. "Uzito ni nani?"

Nikanyoosha mkono kabla sijafikiri. Nesi akaandika.

"Hewa ni nani?"

Nyuma yangu mwanamume akakohoa. Nilikijua kikohozi kile. Mzee Asajile hukohoa kila anapotaka kutoka nje, mara mbili, ili nipate muda wa kupotea. Kikohozi hicho kimenificha nyuma ya migomba, nyuma ya tangi la maji, na siku moja ndani ya banda la kuku kwa saa nzima na nusu, kwa sababu mzee alipata mgeni. Nikainamisha macho sakafuni mara moja.

Sakafu ya kliniki ilikuwa njia ya shambani. Magugu huku na huku, upana wake ni wa mtu mmoja. Mzee alikuwa mahali fulani mbele yangu. Nilijua kwa sababu niliona kivuli chake, na kivuli nikakikwepa pia.

Kilichofuata ni rahisi kueleza. Uzito lazima utangulie, la sivyo roketi itageuka hewani na kuchimba ardhi. Uzito ni mimi. Lakini mkamwana hapiti mbele ya baba mkwe. Kwa hiyo tulisimama. Tulisimama siku tatu. Siku ya pili ilinyesha. Nesi alipita akatupima tena, akasema hatujaongezeka.

Siku ya tatu mzee akasema, si kwangu, "Kamera, mwambie aliye nyuma apite. Nimefumba macho."

"Anasema upite, amefumba macho," ilisema kamera.

"Mwambie nashukuru. Lakini amefumba kweli?"

Kamera ikauliza, ikarudi. "Anasema siku hizi yanafumba yenyewe, hahitaji kuyasaidia."

Hapo niliumia, japo ni ndotoni. Nilikunja magoti, nikajifunika kitenge usoni, nikapita mbele yake kwa hatua za kunyata. Njia ikawa nyembamba zaidi, ikaviringika, ikanuka gundi. Tulikuwa ndani ya roketi. Mimi niko puani, magoti yamefika kidevuni. Mzee yuko kule nyuma kwenye mapezi. Kamera iko karibu yangu, imechungulia kwenye tundu lake, nyuma ya pua tu, mahali ambapo ilitakiwa kufungwa tangu mwanzo.

Nje, mama mkwe anahesabu. Kumi, tisa, nane, saba. Kwenye saba anapita jirani. Wanasalimiana. Wanaulizana habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe aliyekuwa hatoi maziwa. Jirani anaondoka, na mama mkwe anaanza upya kutoka kumi, maana haipendezi kuendelea na saba iliyokatizwa. Jirani wa pili anapita kwenye nne.

Sijui tuliondoka kwenye namba ipi. Tumbo langu lilibaki chini, mimi nikapanda.

"Natazama wapi?" inauliza kamera. "Niambie sasa, sekunde zenyewe hazitoshi."

Najua ua wetu uko chini. Najua mzee yuko nyuma yangu ndani ya roketi, na papo hapo amekaa uani kwenye kigoda chake. Hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni kwamba nikisema chini nitamtazama, na nikisema pembeni atapewa mawingu tena, na hakuna mvua nyingine baada ya hizi.

"Chini," nasema. "Nyoosha shingo utazame chini kabisa."

Picha inatokea kwenye ukuta wa bomba, ndani, kati yangu na mzee. Nyumba zetu ni ndogo. Kilima kimelala. Nyuma ya kilima ni kahawa, yote, kutoka barabarani mpaka kijitoni. Nahesabu mistari kumi na minne. Imenyooka kama daftari la mwanafunzi wa kike wa kidato cha kwanza. Nimesahihisha madaftari miaka kumi na tano na najua ninachosema.

Nasubiri kikohozi, hakiji.

Kisha mzee anasema taratibu, "Kamera, mstari wa tano."

"Nauona," inasema kamera.

"Kule kijitoni. Kuna pengo."

"Miche miwili. Imekufa."

"Mwambie aliye mbele kwamba nilijua mtu akiacha kupita, kahawa inajua."

"Nimesikia," nasema, bila kupitia kwa kamera, na wote watatu tunaona aibu kwa jambo hilo.

Roketi inafika mwisho wa nguvu zake, inatulia. Picha inasogea, inafika uani. Pale kwenye kigoda amekaa mtu, na juu ya kichwa chake kuna duara linalong'aa, kubwa kama kisahani cha chai.

"Kamera," anasema mzee. "Yule mwenye kipara ni nani?"

"Ni wewe."

Tuko juu kabisa, hatupandi wala hatushuki.

"Tangu lini?"

"Muulize aliye mbele. Mimi nina mwezi mmoja tu hapa."

"Mwambie hata mimi ndiyo kwanza nakiona," nasema.

Mzee akacheka. Kwa miaka yote hiyo nilizoea kikohozi tu, sikujua kwamba anacheka kwa sauti nyembamba, ya kupanda na kushuka. Nilikuwa na furaha ambayo sikumbuki kuipata nikiwa macho. Nilitaka kugeuka nimwone anavyocheka. Nikaanza kugeuza shingo, parachuti ya roketi ikafunguka, pa!

Nikaamka. Kumekucha. Roketi iko mezani kama nilivyoiacha, kamera imefungwa ubavuni na inatazama pembeni, injini iko kwenye pakiti yake. Nikajicheka, nikachukua ufagio, nikatoka.

Mama mkwe alikuwa anakuja kutoka upande wa kilima, gauni limelowa umande mpaka magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mama Lusekelo. Umeamkaje?"

"Salama tu. Mbona asubuhi hivi shambani?"

"Baba yenu huyo. Kaamka na mambo yake. Anasema mistari yake imenyooka yote, roho yake imetulia, ila wa tano kule kijitoni una pengo la miche miwili, lijazwe kabla mvua hazijakatika. Namuuliza, nani kakwambia? Anageukia ukuta, anatabasamu. Nikasema ngoja nikaone." Akafuta miguu kwenye majani. "Miwili kweli. Imekauka."

Nilishikilia ufagio kwa mikono miwili. "Hakusema kitu kingine?"

"Kasema," alijibu mama mkwe, akaniangalia kwa muda kidogo. "Anataka kofia. Tangu nimeolewa naye sijamwona na kofia, leo kagoma kabisa kutoka kwenda uani mpaka nimtafutie."