Riwaya Iliyochapwa na Namono

Nimeshinda! Niliisoma barua mara tatu pale pale posta ya Mbale, nikapiga kigelegele hadi karani akasimama dirishani kuangalia kuna nini. Wachapishaji wa Nairobi walitangaza redioni kwamba watamtolea kitabu mtu ambaye hajawahi kuchapishwa, na katika miswada mia mbili wamechagua wangu, mimi Mastula, muuza vitenge!

Kisha nikairudia aya ya pili kwa utulivu. “Riwaya yako, *Mahari*, imetutoa machozi.”

Mahari gani? Riwaya yangu inaitwa *Mahali*! Ni habari za nyumba yetu ya Jinja, tuliyoikimbia katika vita vya sabini na tisa vilivyoiangusha serikali ya wanajeshi, wakati Mnubi yeyote mwenye mwanajeshi nyumbani, kama sisi, alikuwa akiwindwa. Baba hakurudi. Miaka tisa niliibeba nyumba ile kichwani, na mambo yalipotulia nikaiandika yote kwa mkono, madaftari saba.

Barua iliendelea. Waamuzi walipenda sana jinsi mhusika anavyoiita nyumba aliyoipoteza “mahari”, ukurasa baada ya ukurasa, bila kueleza. Nipige simu kabla ya Ijumaa kuthibitisha kwamba nilikusudia. Kama ni kosa la chapa, watanipima upya na mshindi wa pili.

Nilikwenda mbio kwa Namono, mpiga chapa wangu. Mimi nilisoma, yeye akagonga mashine, na siku ya mwisho tukatuma bila kupitia hata ukurasa mmoja. Namono ni Mgisu, na kwake R na L ni pacha; yeyote atakayetangulia mlangoni anakaribishwa.

“Dada, si wewe ulikuwa nasoma?” alijitetea. “Mimi nasikia mahari, naandika mahari.”

“Nilisema mahali!”

“Sasa si ndiyo hiyo? Mahari.”

Hasira zilinipanda hadi nikacheka.

“Sema tu ulitaka hivyo,” akaninong’oneza. “Nani atajua?”

Ningejua mimi. Nilikitaka kitabu kile mno, lakini kuanza na uongo kwenye jalada, hapana. Nikaenda nyumbani nikibamiza kila mlango ulionikaribia.

Mama yangu, Ramula, alikuwa akichambua mchele. Nikamsimulia yote huku nikimwigiza Namono, nikitegemea atacheka. Hakucheka. Aliweka ungo chini.

“Nani alikwambia?”

“Aniambie nini, mama?”

“Kwamba nyumba ile ilikuwa mahari yangu.” Akanivuta nikae karibu naye. “Baba yako, Rajab, hakuwa na ng’ombe wala dhahabu. Alisema mbele ya shehe, nyumba ninayojenga Jinja ni mahari ya Ramula. Watu walipoivamia wakati wa vita, walipiga kelele kwamba wanachukua nyumba ya afande. Haikuwa ya afande. Ilikuwa yangu.”

Akalia, nami nikalia naye, nikimshika mikono yenye vumbi la mchele. Nimeandika kitabu kizima juu ya nyumba ile na sikuwahi kumuuliza ilikuwa ya nani. Niliona aibu, na wakati huohuo moyo ulikuwa ukinidunda kwa furaha.

Kesho yake nikashika simu ya posta kwa mikono miwili.

“Kwa hiyo ni kosa la chapa?” mhariri aliuliza kutoka Nairobi.

“Lilikuwa kosa hadi jana,” nikasema, nikamweleza yote, Namono, mama, shehe na nyumba. “Nipimeni upya mkitaka. Ila neno hilo msiliguse.”

Simu ilikwaruza. Nikadhani laini imekatika.

“Hatupimi tena,” akasema mwishowe. “Tunachapa. Simu ina kelele, nithibitishie herufi tu. L au R?”

Jina la baba, tangu tukimbie, tulikuwa tukilitaja kwa kunong’ona tu, na tukiwa ndani.

“R!” nikapaza sauti hadi foleni nzima ya posta ikageuka. “R ya Rajab!”