Maji ya Uvuguvugu kwa Ambakisye

Habari hii alinipa Leah mwenyewe, jirani yangu hapa Ikinga, mwaka jana tukipukuchua mahindi kwangu. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka Tunduma kwa Gwantwa, mtoto wa shemeji yake, yule anayepiga picha kwa kamera kubwa ya mbao na kuzitengeneza kwa mkono.

Ambakisye, mume wa Leah, hakuacha picha ila ile ndogo ya kitambulisho. Lakini Gwantwa aliwahi kumpiga picha akiwa hai, amekaa na kofia yake, na filamu anayo. Basi akamwita mama yake mkubwa waitoe pamoja. Akamwambia mapema kwamba dawa ya madini ya kupaka kwenye karatasi imebaki ya picha moja tu.

Wakapaka karatasi, wakailaza filamu juu yake, wakaweka juani, wakaimwagia dawa ya pili. Leah anasema uso ulitoka mara moja, kama mtu aliyefungua mlango. Picha ilikuwa na umanjano kidogo. Yeye akaona ni jua la jioni tu limempiga mzee.

Gwantwa akasogeza mabeseni ya maji yenye unga wa ndimu, aisafishe. Leah akamshika mkono.

"Usimwoshe, mwanangu. Akiishia humo nitampata wapi tena?"

Gwantwa hakumcheka. Akamweleza kwamba umanjano ule ni chuma cha dawa kilichobaki, na ukiachwa utakolea mpaka ufunike uso wote. Baba mkubwa mwenyewe sasa ni madini, ameshikana na karatasi, maji hayamtoi. Kisha akavua glavu akampa.

"Mwoshe wewe, mama mkubwa."

Alipofika hapo Leah aliacha kupukuchua, punje zikimdondoka mkononi. Maana siku ya msiba, unajua kwetu, mwanamume anaoshwa na wanaume. Yeye alikalishwa mkekani chumba cha pili, anasikia maji yakimwagwa, anajua ni ya baridi, na hakuweza kusema. Mzee yule hakugusa maji bila kuuliza kama yamepata moto. Tulikuwa tunamtania kwamba kumwogesha kunahitaji maombi.

Leah akavaa glavu, akachovya kidole kwenye beseni.

"Yapashe kidogo," akasema. "Huyu maji ya baridi hayapendi."

Gwantwa akaongeza ya birika. Leah akaishika karatasi kwa pembe, akaitikisa taratibu, beseni hadi beseni, huku akimsema mzee kwa kukawia kuoga. Umanjano ukaondoka, shati likawa jeupe kweli. Kofia ikabaki. Macho yakabaki. Wakaisuuza kwa maji matupu, wakailaza kwenye wavu ikauke.

Tangu mazishi Leah alikuwa halali vizuri. Taa yake nilikuwa naiona. Jioni ile Gwantwa alisinzia kwenye kochi hata chakula hakijaiva. Leah akaepua sufuria, akamfunika kitenge, akarudi kutazama kama mzee bado yupo. Yupo. Akajinyoosha mkekani karibu na wavu, na usingizi ukamchukua.