Mita Moja kwa Kilomita Milioni

Mtaa mzima ulimwita Futikamba, na hakuna aliyemwita hivyo kwa mapenzi. Miaka thelathini alikuwa mpimaji wa barabara. Alikuwa akitangulia yeye na gurudumu lake la kupimia na kopo la rangi nyekundu, anaandika namba kwenye kuta za watu, na nyuma yake, wiki mbili tatu, linakuja tingatinga. Sasa alikuwa mstaafu, goti moja bovu, meno ya kuhesabika, lakini akiinama tu kufunga kamba ya kiatu karibu na ukuta wa mtu, mwenye ukuta moyo unamwenda mbio.

Aliyemwogopa kuliko wote alikuwa mjane mmoja mshona mashuka, na kwa kazi yake hiyo akaitwa Mama Mashuka. Nyumba yake ya kwanza, upande wa pili wa mji, ilikwenda na namba ya Futikamba. Siku ile alimuuliza kuna nini, naye akamjibu bila hata kumtazama, "Ni vipimo tu, mama." Tingatinga lilipofika, mabati, milango, cherehani, vyote viliingia chini. Lakini Mungu naye ana mambo yake: wote wawili wakaja kuangukia mtaa mmoja. Miaka tisa mama yule alipita mlangoni kwa mzee kama anayepita jalalani. Mwaka huu tu ndipo alipoanza kuitikia salamu, na juzi, mzee alipompelekea shuka lishonwe pindo, alimwambia alifuate Jumamosi jioni, na akifika abishe hodi. Jamani, mzee hakulala. Kabla hajafukiwa alitaka kitu kimoja tu duniani, kuambiwa "karibu" na mwanamke yule.

Ijumaa binti wa mzee, mwalimu wa sayansi katika shule ya pale mtaani, akaja na ombi. Darasa lake halikuwa likielewa umbali wa angani. Kila akiwapangia sifuri ubaoni wanapiga miayo. Basi ameamua kuzishusha sayari barabarani: kila kilomita milioni moja iwe mita moja. Geti la shule ndilo jua. Dunia, iliyo kilomita milioni mia na hamsini kutoka kwenye jua, itaangukia mita mia na hamsini tu. Mshtarii itakuwa mita mia saba sabini na nane. Neptuni, ya mwisho kabisa, ni kilomita nne na nusu, huko kwenye machimbo ya kokoto. Mzee akauliza, na nyota ya jirani je? Binti akapiga hesabu, akacheka. Kwa kipimo hicho ungetembea ukaizunguka dunia yote mpaka urudi hapa hapa mlangoni. Mzee akasema basi hiyo waiache, goti halitaki utani.

"Tumia chaki, baba," binti alimsihi. "Na kila nyumba uombe ruhusa kwanza."

Chaki! Wingu zito lilikuwa limetanda tangu alfajiri ya Jumamosi, na mvua moja tu ingeifuta Dunia na Mirihi yake. Mzee akalitoa lile kopo uvunguni. Kuhusu ruhusa, hakuwahi kuiomba katika maisha yake, akaanze uzeeni? Mazoea yana taabu, ndugu zangu.

Mita hamsini na nane, Utaridi, ukuta wa kinyozi. Akaandika namba, akaizungushia duara kama alivyozoea. Mia na nane, Zuhura, ukuta wa duka. Gurudumu lilipohesabu mia na hamsini akainua macho, akajikuta kwa Mama Mashuka. Akafurahi kama mtoto. Kati ya kuta zote, Dunia imeangukia kwake! Hii akaiandika kwa herufi za kupendeza, kubwa, rangi ikichuruzika. Ndani, cherehani iliyokuwa ikilia ikanyamaza.

Kwenye Mirihi fundi viatu aliacha sindano katikati ya soli, akauliza kwa sauti ndogo, "Mzee, lini?"

"Jumatatu asubuhi watakuwa hapa."

Alikuwa anamaanisha wanafunzi. Lakini kazini alifundishwa kwamba mpimaji haelezi, ukimweleza mmoja watatoka kumi wanalia, na ulimi uliozoea kufungwa miaka thelathini hauachi mara moja. Fundi alipouliza tena kuna nini, mzee akasema ni vipimo tu, akasukuma gurudumu lake.

Kuanzia hapo mtaa ulipoa. Redio zilizimwa moja baada ya nyingine. Mama mmoja alitoka, akaanua nguo mbichi, akamvuta mwanawe ndani, akafunga. Mzee akajisemea watu wanaiogopa mvua. Alifika machimboni saa nane, akaandika Neptuni juu ya jiwe, akakaa kupumzisha goti. Kutoka mjini upepo ulimletea sauti ya nyundo. Si moja, ni nyingi. Akadhani kuna mtu anajenga.

Aliporudi alizifuata namba zake kinyumenyume. Kwenye Mshtarii wanaume wanne walikuwa juu ya paa wanang'oa misumari. Kwenye Mirihi kibanda cha fundi viatu hakipo, yamebaki mashimo manne. Akaanza kukimbia na goti lake bovu, akipaza sauti kwamba ni sayari, ni sayari tu za wanafunzi. Mtu mmoja juu ya paa jingine akamjibu bila kusimamisha nyundo, "Safari hii hatudanganyiki."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Mama Mashuka ndiye aliyeumwa zaidi. Paa lake halikuwepo. Mabati yalipangwa vizuri kando ya ukuta, madirisha juu yake, cherehani imefungwa kwa nailoni kwenye mkokoteni. Yeye alikaa juu ya mabati, mkono umefungwa kitambaa kilicholowa damu, shuka la mzee limekunjwa mapajani. Tone la kwanza la mvua likagonga bati.

Mzee alimweleza yote, akihema: geti la shule, jua, mita moja kwa kilomita milioni, darasa la Jumatatu. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Na mzee, kwa kuona uso ule haubadiliki, akamalizia kwa maneno aliyokuwa nayo siku zote.

"Ni vipimo tu, mama."

"Najua, baba. Hata siku ile vilikuwa vipimo." Akamwekea shuka mkononi, akamwonyesha kuta nne zilizoanza kulowa kwa ndani. "Karibu. Hodi usibishe, mlango nimeshaung'oa."