Kukwama kwa Kihispania

Mume wangu ni fundi wa friji, na mtaani wanamwita Baridi. Jina limemkaa. Mwaka jana akapata wazo la kwenda kufanya kazi melini, kutunza vyumba vya baridi vya kampuni moja ambayo mabosi wake huongea Kihispania tu. Basi akanunua kitabu, akaanza kubwabwaja lugha ya watu tangu anaamka mpaka analala.

Mtu wa kufanya naye mazoezi hakuwepo, nikawa mimi. Nashona sare za shule hapo hapo sebuleni. Yeye anasimama mbele ya cherehani, mimi nasoma swali kitabuni, anajibu. Akikosea narudia. Kichwa chake kwa lugha ni kizito, tuseme ukweli. Changu kikashika. Sikumwambia, maana sikutaka kumvunja moyo, na yeye aliniona kama redio: inasema, haielewi.

Siku ya usaili wakampigia simu asubuhi, akaiweka kwenye spika. Nikauliza kama nitoke, akasema nikae tu nishone, simsumbui. Mama wa upande wa pili akauliza mambo ya gesi na mota, Baridi akajibu bila shida. Kisha akaulizwa kwa nini anataka kuacha kazi aliyonayo. Jibu tulikuwa nalo: anataka kukua kikazi. Tulilikariri mpaka nikaliota. Akafungua mdomo, halikutoka.

"Estoy estancado," akasema. Nimekwama.

Neno hilo lilikuwa kwenye sura ya mabomba, kuhusu maji yasiyotembea. Mimi ndiye niliyemsomea. Akaendelea polepole, kwa makosa kibao, lakini alieleweka: kwamba hajakwama kazini, amekwama nyumbani. Kwamba mkewe ni mtu mwema, hana kosa lolote, ila kila jioni akishika kitasa cha mlango mkono unakuwa mzito. Kwamba hajui amwambieje. Hayo yote aliyasema hapo mbele ya goti langu.

Nikaendelea kukanyaga cherehani. Mshono ukaenda upande, nikauacha uende. Iliniuma, sitajitia ugumu.

Usaili ukaisha, akakata simu. Akajifuta jasho, akaniambia walikuwa wanaongea mambo ya friji tu, na jibu litakuja wiki ijayo. Nikampa hongera. Kisha nikamuuliza swali ambalo halikuwa kitabuni.

"¿Vas a volver?" Utarudi?

Akajibu kwa mazoea ya mazoezi, kabla akili haijamfika: "No sé." Sijui. Ndipo akanitazama, akanywea kwenye shati lake.

"Kumbe unaelewa," akasema.

Ningeweza kumtolea uvivu. Maneno nilikuwa nayo, tena ya moto. Lakini lililotoka lilikuwa jingine, na likatoka jepesi hata mwenyewe nikashangaa.

"Yo también estoy estancada." Mimi pia nimekwama.

Akauliza kwa Kiswahili, tangu lini. Nikafungua mdomo, nikakosa pa kuanzia. Kwa Kiswahili sisi ni mume na mke wa umeshindaje, nimeshinda salama, chakula kiko mezani. Zaidi ya hapo hatujawahi kufika.

Akavuta kiti, akakaa karibu na cherehani, akauliza tena kwa Kihispania. Nikamjibu, na hakunikatiza.